Chumvi ya Mama Kyongtae

Tulikuwa na namna yetu ya kutembea. Muniru alishika upande wa kinu cha mchele, mimi nikashika upande wa duka la dawa, naye akatangulia kidogo ili nisimpoteze machoni. Kituoni tulisimama mbalimbali kama watu wanaosubiri basi tu. Siku moja kamba ya kiatu chake ilikuwa inaburuta kwenye tope njia nzima. Niliiona nikanyamaza, maana ningemwita, watu wangejua.

Hatukuanza hivyo. Kule tulikokaa kwanza, mji wa viwanda upande wa bahari, tulitembea bega kwa bega na maneno tukayazoea. "We dada, wanaume wa kwetu wamekwisha?" "Muulize mtoto atatoka rangi gani!" Wengine walimwuliza yeye habari zangu, kama mtu anavyouliza bei ya kiti. Wengine hawakusema kitu. Walisimama tu katikati ya njia ili tugawanyike kuwapisha, kisha wakacheka nyuma yetu. Nilijifunza kuangalia viatu. Mtu anayetaka kukuletea maneno, viatu vyake hugeuka kabla ya uso wake.

Jioni moja mwanamume aliyetoka kunywa alinikamata nywele mbele ya banda la kuku wa kukaanga. Hakunivuta. Alizishika tu, kama anapima kitambaa, akamwuliza Muniru, "Hizi nazo umezilipia?" Muniru akamsukuma. Yule mtu akaangukia makreti ya chupa, watu wakapiga kelele, mmoja akakimbilia simu. Sisi tukatoka mbio. Kibali cha Muniru kilikuwa kimekwisha zamani, na polisi wakimkamata mtu wa namna hiyo hawaulizi nani alianza. Wanampandisha ndege arudi kwao Bangladesh, basi. Hatukurudi chumbani hata kuchukua blanketi.

Kwa hiyo tulipokimbilia mji wa Masok, matusi hayakuwa yananitisha tena. Nilichoogopa ni mkono wa Muniru.

Alipata kazi ya kupuliza vanishi kwenye kiwanda cha makabati, mimi nikapata ya kushona vitambaa vya makochi. Chumba tulikipata kwa mjane mmoja juu ya kilima, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi wa Chonju kwa sababu aliolewa akitokea huko. Alimtazama Muniru kutoka viatu mpaka nywele, kisha akaniambia mimi.

"Mume wangu alishakufa, sina wa kumwogopa. Lakini mtaa ni mtaa. Siku nitakayosikia ugomvi huko barabarani, polisi wakaja kubisha lango langu, siku hiyohiyo mnafunga virago. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Yeye je?"

"Nimeelewa, bibi," Muniru akasema.

"Hee, anasema!" Akageukia tena kwangu. "Na mkate mtagawa lini?"

Nikamtazama Muniru.

"Msichana, umelelewa wapi wewe? Mtahamia kimyakimya kama wezi?"

Alikuwa na haki. Kwetu anayehamia hupeleka mkate wa mchele uliopikwa kwa mvuke, wenye maharage mekundu juu yake, mlango kwa mlango ungali moto. Nyekundu ile hufukuza mabaya, na jirani akishaula anakujua uso. Asiyegawa ni kama hajafika. Mimi nilikuwa nimetamani hasa hilo, kukaa pale kama ambao hawajafika.

Jumapili asubuhi nilipeleka mchele wangu kinuni ukasagwa, ukapikwa, nikarudi na boksi linalofuka moshi. Muniru alikuwa anapanga sahani sakafuni.

"Na wale wazee wa dukani?" akauliza. "Nao tuwapelekee?"

"Wote. Ukiruka mlango mmoja ni kama umeutukana."

"Wao wanitukane mimi kila siku, halafu mimi niogope kuwatukana kwa mkate."

"Ndivyo."

Akacheka. "Nchi yenu ngumu, Malsun."

Nikamwambia nitakwenda peke yangu, haichukui muda, yeye apumzike. Akaacha kucheka.

"Ukienda peke yako watakula mkate wa mwanamke anayeishi peke yake. Mimi nitakuwa nani humu? Mtu anayeingilia dirishani?"

"Utavumilia, lakini?"

"Nitabeba sinia. Mtu mwenye sinia mikono yake ina kazi."

Basi tukashuka kilima pamoja, upande mmoja wa njia, mchana kweupe. Niliona aibu kama nimetoka bila viatu, na nilifurahi pia. Harufu ya maharage ilikuwa inatutangulia.

Mlango wa kwanza mwanamke alipokea kwa mikono miwili, akachungulia juu ya bega langu. "Na huyu, anasikia lugha?"

"Nasikia, shangazi," Muniru akajibu.

Alishtuka kama sinia ndilo lililosema. "Haya, haya. Kaeni vizuri," akafunga.

Mlango wa pili tulisikia televisheni ikicheka ndani. Tulipobisha ikazimwa. Tukasubiri, tukaweka sahani kizingitini. Mlango wa tatu alitoka mzee na mswaki mdomoni, akamhoji Muniru pale pale. Umri gani? Baba yupo? Mama yupo? Mtoto wa ngapi kuzaliwa?

"Wa kwanza, mzee."

"Wa kwanza! Ukamwacha mama yako mjane uje kupaka rangi makabati ya watu! Unamtumia barua?"

"Nampigia simu."

"Simu! Haya, nenda zako."

Tulipotoka langoni Muniru alikuwa anang'aa. "Amenigombeza kama mwanawe. Umesikia?"

Nilisikia. Nikaanza kufikiri kwamba labda itawezekana.

Duka tuliliacha la mwisho. Mbele yake pana benchi pana la mbao, na wazee hukaa hapo miguu juu na pombe ya mchele tangu asubuhi. Ulikuwa msimu wa kutia kabichi chumvi kwa ajili ya baridi, kwa hiyo kabichi zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani, na magunia ya chumvi ya chembe kubwa yamefunguliwa midomo pembeni. Kwenye benchi alikuwako Mzee Maeng na mwenzake mmoja. Mzee Maeng ndiye mwenye sauti mtaani. Akikohoa, unajua jambo linakuja.

"Ee, maharusi hao!" akasema. "Binti, baba yako anajua?"

"Alifariki, mzee."

"Afadhali yake."

Mwenzake akacheka mpaka akamwaga kikombe. Muniru aliweka sinia kwenye ukingo wa benchi, akachukua sahani moja, akaishika kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha.

"Karibu mkate, baba," akasema, akaiweka mbele yake juu ya benchi.

"Baba? Baba yako nani? Mimi nimewahi kufika kwenu?" Mzee Maeng alikuwa anamchekelea mwenzake, si Muniru. Kisha akakaa sawa. "Sikiliza we. Mimi nimejenga barabara Saudia. Jua la kukaanga ubongo. Unafikiri niliinua macho kumtazama binti wa watu? Kazi, chakula, kulala. Pesa natuma nyumbani. Mgeni anakaa hivyo."

"Ulikuwa mpweke, baba?" Muniru akauliza.

Hakuwa anamchokoza. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Masikio ya Mzee Maeng yakawa mekundu, na mwenzake akaacha kucheka akawa anamtazama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza neno hilo tangu arudi.

"Mkate wenyewe mbichi huu," akasema, akaisukuma ile sahani kwa upande wa mguu. Ikaanguka kifudifudi kwenye majani ya kabichi.

Nikaangalia viatu vya Muniru. Vilikuwa vimegeuka.

"Muniru," nikasema, "sinia."

Akalishika sinia. Akalibana kwa mikono miwili, kisha akampelekea mwenye duka, Mama Kyongtae, sahani ya mwisho. Yeye alikuwa amesimama mlangoni muda wote na aproni yake. Aliipokea kwa sababu ilikuwa imeshafika mbele yake. Nikamshukuru, nikamgusa Muniru kiwiko, tukaanza kupanda.

Nikasikia kitu kama mvua ya mawe madogo mgongoni.

Kwetu chumvi hutupiwa mgongo wa mtu usiyetaka arudi. Unamtupia aliyeleta mkosi mlangoni, ili mahali aliposimama pasafike. Nilikuwa nimemwona bibi yangu akimtupia mganga tapeli, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuipokea. Haiumizi. Inaingia shingoni, ni baridi.

Mama Kyongtae alikuwa ameshika konzi nyingine, akisema harakaharaka katikati ya meno, "Wiki hii mwanangu ana mtihani wa chuo, wiki hii hii, nanyi mnakuja kunisimamia mlangoni!"

Muniru akageuka. Mimi nikafumba macho. Nilikuwa nimeshaona polisi, lango, virago, uwanja wa ndege.

"Ahsante, mama," nikamsikia akisema. "Ahsante sana."

Nilipofumbua macho alikuwa ameinama mpaka kiunoni, sinia kwapani, chembe nyeupe zimejaa kwenye nywele zake nyeusi. Anatabasamu. "Mungu amjalie mtoto," akaongeza.

 Benchi likalipuka kwa kicheko. Mzee Maeng alipiga mbao kwa kiganja, mwenzake akajishika mbavu. Ni Mama Kyongtae peke yake ambaye hakucheka. Konzi yake ya chumvi ilikuwa bado hewani, hajui aipeleke wapi.

Tulipopita kona Muniru akaniambia, "Kwetu bibi harusi humwagiwa mpunga na majani mabichi. Sikujua ninyi mnatumia chumvi. Na kasema mwanawe ana mtihani, sivyo? Nitamwombea." Kisha, "Kwa nini walicheka? Nimeinama vibaya?"

"Umeinama vizuri," nikasema.

Ningeweza kumwambia pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kilima kilikuwa kifupi na duka lilikuwa karibu, na Muniru ninayemjua angeshuka.

Nyumbani alikung'uta ukosi wake juu ya kiganja, polepole, ili isipotee hata chembe. Alikuwa anapika dengu. Akazitia humo. "Chumvi ya heri," akasema, akanipakulia. Tukakaa tukala. Alisimulia mlango kwa mlango kana kwamba sikuwepo, akaiga sauti ya mzee wa mswaki, akacheka. Nilikuwa namtazama akicheka, nami nikawa kama mtu anayemtazama kwa dirisha la basi.

Jioni Bibi wa Chonju aliniita uani, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Nimesikia mmetupiwa chumvi."

"Ndiyo, bibi."

"Naye kashukuru."

"Ndiyo."

"Hajui?"

"Hajui."

Akakuna goti lake. "Ugomvi haukuwapo. Nilisema ugomvi, sikusema chumvi. Kaeni." Alipoinuka akashika ukuta. "Asijue basi. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Sikujua ni kazi gani ninayoipokea.

Kuanzia kesho yake Muniru alikataa kushika upande wake wa njia. "Tumeshapokelewa," akasema. Tukawa tunatembea pamoja, naye anasalimia kila mtu. Watu walikuwa wameshasikia habari. Baadhi walimjibu kwa kuinama chini kupita kiasi, sinia la kuigiza kwapani, wenzao wakiziba midomo. Aliwarudishia hivyohivyo. Mzee Maeng alikuwa anamwita, "Mbarikiwa! Njoo, umekula chumvi leo?" naye anajibu, "Leo bado, baba!" na benchi lote linacheka, naye anacheka nao. Hakuna aliyenishika nywele tena. Hakuna aliyetuzuia njia. Mtu akituona kwa mbali angesema wale wawili wamepata mahali pao.

Mimi nilikuwa nahesabiwa miongoni mwa wanaojua. Wakicheka walinitazama mimi, wanasubiri nicheke. Na yeye akicheka alinitazama vilevile. Nilijifunza kutazama kabichi.

Mtihani ulipopita alisimama dukani akamwuliza Mama Kyongtae, "Mtoto alifanyaje?"

"Alifanya vizuri," akajibu, mikono kwenye aproni. Hakumtazama. Alinitazama mimi, tena kwa namna ambayo ningekuwa na roho nyepesi ningesema ananiomba kitu. Akampa Muniru machenza mawili bila kutaka malipo. Njiani Muniru alinipa yote mawili. "Unaona?" akasema.

Jumamosi moja baridi imeshakaza tulitoka kazini mapema. Tulipofika karibu na duka tukakuta lori la kuhamisha vyombo linarudi nyuma kuingia mtaani, limejaza njia kutoka ukuta hadi ukuta. Watu walikuwa wamesimama wakitazama kabati na magodoro. Mzee Maeng alikuwa ameacha benchi anamwelekeza dereva, "Kulia! Kulia, nakwambia, wewe kulia kwako ni wapi?" Mbele ya lori alisimama msichana wa umri wangu na glavu nyekundu, amekumbatia sufuria ya umeme ya wali, maana ndicho chombo kinachoingia kwanza katika nyumba mpya. Mumewe alikuwa anafungua kamba.

"Wageni!" Muniru akasema.

Alinipa kibweta chake cha chakula nikakipokea bila kufikiri. Alipopiga hatua kuelekea kwenye magunia ya chumvi ya dukani ndipo nilipoelewa. Mkono ulikuwa umeshaingia, umeshatoka umejaa, umeshaanza kurudi nyuma kama wa mtu anayerusha mbegu. Niliangusha kibweta nikaukamata kwa mikono yangu miwili.

"Usitupe."

"Niache. Ni zamu yetu sasa. Sisi wenyeji."

Msichana wa glavu alikuwa ameshaona. Uso wake ulianza kubadilika, akaikumbatia sufuria zaidi. Mumewe akaacha kamba. "Huyu anataka kufanya nini?" akauliza. "We! Unataka kumfanya nini mke wangu?"

Mtaa mzima uligeuka, hata Mzee Maeng akamwacha dereva. Walikuwa wanajua kinachokuja, na sasa kilipofika hakuna aliyetaka kukicheka.

Nikamwambia sikioni. Hayakuwa maneno mengi. "Chumvi ni ya kufukuza. Ni ya mtu usiyetaka arudi."

Hakujitoa mikononi mwangu. Mshipa wa mkono wake ulikuwa unapiga. Akamtazama Mama Kyongtae aliyesimama mlangoni, naye akatazama chini. Akamtazama Mzee Maeng, ambaye alianza kutafuta kitu mifukoni. Nilisubiri viatu vyake vigeuke. Nilikuwa tayari. Ningeshika mguu wake, ningelala barabarani. Havikugeuka, na nikajikuta natamani vigeuke.

Alirudisha mkono kwenye gunia, akaufungua ndani, akaupangusa mpaka hapakubaki chembe kwenye kiganja. Akamwinamia yule mume, kidogo tu. "Samahani, kaka. Nimekosea." Mume akatikisa kichwa, akarudi kwenye kamba zake.

Muniru aliokota kibweta. Kifuniko kilikuwa kimepata bonde.

"Tangu siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi ninainama, wewe unajua."

"Ungepigana, Muniru. Wangekuchukua."

"Ndiyo. Ningepigana." Alikuwa anajaribu kunyoosha kile kifuniko kwa kidole gumba. "Na zile dengu. Ulikula?"

"Nilikula."

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Akageuka kwenda nyumbani, lakini lori lilikuwa bado limeziba njia. Hapakuwa na nafasi hata ya paka kupita, wala upande huu wala ule. Nyuma yetu palikuwa na duka, na benchi, na watu wale wote.

Basi tukasimama. Mzee Maeng alikohoa, akaanza tena kumwelekeza dereva, safari hii kwa sauti ndogo. Injini ikaguruma, ikazimika. Muniru alikuwa anatazama bati la nyuma la lori kama lina kitu kilichoandikwa. Mkono wa koti lake ulikuwa unagusa wa kwangu. Hakuusogeza mbali, wala hakuusogeza karibu.